Besi Aliyoiacha Kaka

Haya hayakunipata mimi, wajukuu zangu, yalimpata kitindamimba wa shoga yangu, yule mpiga gitaa la besi.

Kaka yake alipokufa alimwachia gitaa, na bendi ikamwachia nafasi. Lakini kila akipiga, kiongozi wa bendi anaguna. "Dogo, nikifumba macho namsikia kaka yako. Ukija hivyo hivyo Jumamosi, natafuta mwingine."

Yakamkaa rohoni. Tangu utotoni alisifiwa kaka tu. Shoga yangu akamsihi, "Mwanangu, gitaa la marehemu liache lilivyo."

"Mama, hata kaburini ananibania?"

Akanunua nyuzi mpya, sumaku mpya za kudaka sauti na spika mpya. Vya kaka akaving'oa kwa bisibisi, akavitupa jalalani. Ijumaa mchana akajifungia chumba cha mazoezi, kile kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa magodoro. Akachomeka waya, akagonga sumaku kwa bisibisi kama wafanyavyo mafundi. Tok! Iko hai. Akapiga. Sauti ikatoka kavu, ngeni, yake mwenyewe. Akacheka peke yake.

Mara balbu ikaungua. Kikabaki kijitaa chekundu cha spika. Akaacha kupiga, akaweka mikono magotini.

Du... du... du. Besi ikaendelea, taratibu, kwa ile sauti nene ya kaka.

Akachomoa waya wa gitaa. Du... du.

Akainamia gitaa mapajani. Uzi mnene ulikuwa umezama hadi kwenye ubao wa shingo ya gitaa, umebanwa sawasawa, na kidole hakuna.