Finjani ya Ghanim

Sleyum skuli kaiwacha mapema, lakini mdomo hakuuwacha huko. Mutrah nzima, hapo Maskati, ilijua atampata Ghanim, baba wa bibi yake, aliyetoka Unguja kwenda Burma kwenye vita vya Mwingereza na asirudi. Wajomba zake, alisema, wamezeeka wakimtafuta kwa kupiga soga. Yeye ana simu.

Bibi yake, Shaikha, hakucheka. Babake alipoondoka, yeye alikuwa mchanga wa kunyonya. Kila magharibi, huko Unguja na baadaye Maskati, kwanza mamake, kisha yeye, walimimina finjani moja ya kahawa na kuiweka mbele ya mto wa kukalia usiokaliwa na mtu. Mgeni asiyetikisa finjani hajasema basi, humiminiwa tu. Ile haikutikiswa miaka yote.

Sasa moyo wa Bibi umechoka. Alitaka jambo moja: ajue babake kafa, amsomee khitma kabla hajasomewa yeye.

Sleyum akawaandikia watu wa makumbusho ya jeshi huko Ulaya. Wakamjibu mtu huyo hawamjui. Na kelele zote zile, angerudi na nini?

Akarudi na uongo.

"Nimempata, Bibi. Kafa Burma. Wenzake wamemzika."

Kisha, ili aaminiwe, akaichukua finjani ya Ghanim akaitikisa.

Bibi akalia kimyakimya. Akamtuma Sleyum kijiji cha jirani, Sidab, akalete halwa ya khitma.

Akiwa njiani kurudi, adhana ya magharibi ilikuwa ishakwisha, mlima umeanza kuingia giza. Kwanza ilikuja harufu. Matope mabichi... na Maskati mvua ilikuwa haijanyesha mwaka mzima. Halafu mafuta ya bunduki. Halafu viatu, nyuma yake.

Kop... kop...

Akisimama, navyo vinasimama.

Akageuka. Kijana wa rika lake, koti la jeshi linamchuruzika maji. Sura ilikuwa ya Sleyum mwenyewe, ila hii haijapita kwa kinyozi.

"Nani katikisa finjani yangu?" ilinong'ona. "Mie sijasema basi."

 Bingwa wa maneno alikimbia mpaka nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Nyayo za tope zilipita juu ya vigae hadi kwenye mto. Finjani ilikuwa tupu, bado ina joto. Bibi kakaa wima, macho mlangoni.

"Kaja, Sleyum. Kijana. Wa rika lako."

Sleyum akamuuliza kasema nini. 

"Kaniamkia shikamoo."

Akaiokota finjani.

"Kaniuliza mwanawe yuko wapi, yule mchanga. Nikamwambia ni mie, baba, ndo mie. Akaniomba radhi... akasema kakosea nyumba."

Wiki haikwisha. Ile khitma ikawa ya Bibi.

Siku hizi anayemimina ni Sleyum, na hajisifu tena. Finjani huiacha imejaa, huikuta tupu. Na majirani wenye watoto wachanga wanalalamika: kila magharibi mtu anagonga, anauliza kwa adabu kama anaweza kumuona mtoto. Akioneshwa hutikisa kichwa, huondoka.

Mwezi uliopita Lamya, dada yake Sleyum, kajifungua mtoto wa kike. Wakampa jina la Bibi, Shaikha.

Jana finjani ilibaki imejaa, ikapoa.

Chumbani kwa mtoto kulinuka matope.