Tenga la Mkulima Namba Kumi na Saba

Bonifasi alikuwa mtafiti wa udongo. Kila Jumatatu alipanda milima ya Mgeta kupima udongo ulioteremshwa na mvua katika mashamba ya wakulima ishirini. Mama yake mzazi, Eufrazia wa kijiji cha Nyandira, alikuwa mmoja wao. Ijumaa alirudi Morogoro mjini, akaketi mbele ya kompyuta ya chuo. Programu ya kukokotoa vipimo vyake aliitunga mwenyewe, akijifunza kidogo kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote, ingawa hakumwambia mtu.

Mwaka 1997 mradi ulikwisha. Wafadhili waliaga, wakaondoka na gari lao. Zamani msomi alingoja barua ya serikali ya kumpangia kazi. Sasa ni soko huria, barua haziji, na serikali yenyewe inapunguza watu. Bonifasi alichanganyikiwa. Aombe mradi mwingine? Auze mboga? Miaka sita ya kusoma udongo ataifanyia nini?

Alikwenda dukani kwa Savita. Savita na baba yake waliuza kompyuta mjini, na Savita alikuwa mtunga programu.

"Dada Savita, mimi najua udongo," alisema Bonifasi. "Programu nimetunga moja tu, ya matumizi yangu."

"Inafanya kazi?"

"Kwangu, ndiyo."

"Basi huanzi sifuri, kaka. Unajua kupima na unajua kutafuta kosa. Nina kazi moja. Nakupa wiki tatu za majaribio. Ikienda vizuri, nakuajiri. Isipoenda, sitaweza kukuweka."

Kazi yenyewe ilikuwa ya ghala la mboga. Matenga yalishushwa hapo kutoka malori ya Mgeta, kisha yakapakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Kila siku yalichanganyika. Kompyuta ilitakiwa ionyeshe tenga ni la nani na linapanda lori lipi.

Bonifasi alijifungia chumbani siku kumi na mbili. Ghalani hakwenda hata mara moja. Akafanya alivyozoea. Katika utafiti, jina la mkulima hufichwa ili siri yake isitoke, na kila mtu huwa namba. Basi naye akawapa wakulima wote namba. Wale ishirini wa utafiti akawaachia namba zao za zamani. Programu ilitoka safi, mwenyewe akaipenda.

Siku ya kuijaribu, Mikidadi, karani wa ghala, aliitazama kompyuta akakuna kichwa.

"Bwana Bonifasi, imeandikwa kumi na saba apande lori la pili. Kumi na saba ni nani?"

"Yumo kwenye orodha yangu."

"Orodha iko wapi?"

"Nyumbani."

Mikidadi aliyageukia matenga. Hakuna hata moja lililokuwa na namba. Kila tenga lilifungwa kipande cha kitambaa ukingoni, kama wafanyavyo wakulima wale. Huyu kitenge cha njano, yule kanga nyekundu. Wachukuzi humjua mwenye mzigo kwa kitambaa chake, lakini kompyuta haikuwa na habari za vitambaa. Malori yalianza kupiga honi. Mikidadi akabahatisha. Tenga la njegere lenye kitambaa cha zambarau likapanda lori lisilo lake. Lilikuwa la Eufrazia.

Keshokutwa yake mama alishuka mjini, moja kwa moja hadi dukani kwa Savita.

"Shikamoo, mama," alisema Bonifasi.

"Marahaba. Njegere zangu ziko wapi?"

Bonifasi alimweleza habari ya namba. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni kumi na saba."

"Ndiyo, mama. Tangu kwenye utafiti."

"Miaka sita unakula kwangu, unaandika kumi na saba."

Bonifasi aliona aibu, hakujua ashike lipi. Alimwomba mama radhi, kisha akamgeukia Savita.

"Dada, nadhani nirudi kwenye udongo. Kazi hii siielewi."

Savita kwanza alimpa mama kiti.

"Kule chuoni programu yako ilikuwa na mtumiaji mmoja, wewe mwenyewe," alisema. "Hii ni ya Mikidadi. Tunga kidogo, umpelekee. Mtazame anavyohangaika, urekebishe, urudi tena. Orodha iingie ndani ya programu, na nakala yake kwenye disketi ibaki hapa dukani. Una wiki moja. Usiimalizie chumbani."

Bonifasi akahamia ghalani. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alishika daftari na kuandika kila alichokiona, kama alivyofanya shambani. Alishangaa kuona kwamba kazi hiyo aliijua tayari. Kesho yake alimletea Mikidadi kipande cha programu, chenye majina na rangi za vitambaa.

"Herufi ndogo, sioni," alisema Mikidadi. "Halafu wenye kitambaa cha njano wako watatu. Utawatofautishaje?"

"Sijui. Wewe huwatofautishaje?"

"Kwa kijiji."

Bonifasi akaongeza kijiji. Kila asubuhi alileta kipande kingine, na kila asubuhi Mikidadi alikikosoa. Mara nyingine Bonifasi hakuelewa kabisa tatizo ni nini. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena.

Siku ya mwisho malori matatu yalipakiwa na hakuna tenga lililopotea. Savita akamwandikia barua ya ajira. Iliandikwa kwamba Bonifasi ni mtunga programu. Aliisoma mara mbili, bado akashindwa kuamini kwamba anayetajwa ni yeye.

Siku hiyo Eufrazia alikuwa ameleta njegere. Bonifasi alimgeuzia kioo cha kompyuta. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alifuata kwa kidole, neno baada ya neno.

"Eufrazia. Nyandira. Zambarau. Lori la pili."

Alitoka nje hadi lori la pili, akachungulia. Tenga lake lilikuwamo.

Jumapili baada ya misa majirani walimzunguka. Walisikia mwanawe ameacha utafiti. Sasa anafanya kazi gani?

"Jina la kazi yenyewe sijalishika vizuri," alisema Eufrazia. "Ila siku hizi ananiandika kwa jina langu."