Barua Iliyokaa Kwenye Koti la Pierre

— Bado unakuja, Sephora? Mi nilizani umekataa.

Patron wangu, mkubwa wa ofisi, Herménégilde, alinikuta nimevua viatu chini ya meza, miguu imevimba, tumbo la miezi saba limegusa mashine ya kuandika. Mwaka huo wa 1995, kila risasi zilipolia, magari ya abiria yalikatika. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetembea kutoka mtaa wetu wa Ngagara hadi mjini. Muganga wa hospitali alishanionya: nikiendelea hivyo, mtoto atatoka kabla ya wakati. Pierre, bwana yangu, sikumwambia. Angenizuia kazi, na mshahara wake peke yake hautoshi.

— Nimekataa nini, patron?

— Kufanyia kazi kwa nyumba. Nusu siku, nusu mushahara, mashine tunakuazima. Barua nilimupa bwana yako wiki tatu zilizopita, siku alikuja kukutafuta.

Nilichoka mpaka hasira yenyewe ilikuja polepole. Niliomba simu, nikampigia Pierre kwenye depo ya vinywaji anakofanya kazi.

— Barua yangu iko wapi?

— Barua gani?

— Pierre, mi nimechoka.

— Tutaongea nyumbani, chérie.

— Hiyo chérie ubaki nayo.

Jioni aliitoa kwenye koti lake la kanisani, haniangalii.

— Niliogopa. Mashine ya kuandika kwa nyumba ya wageni kama sisi, Wazairwa? Majirani wakisikia ta-ta-ta, watasema tunaandika tract, vile vikaratasi vya siasa. Byamungu, Muzairwa mwenzetu, askari walimutwaa juu ya redio tu, mupaka leo hajarudi.

— Ukanyamaza, unaniona natembea na mutoto wako.

— Nilikuwa nakulinda.

— Ulijilinda we. Muganga anasema nikiendelea kutembea tutamupoteza.

Pierre alikaa chini sakafuni.

— Alisema lini?

— Juma iliyopita.

— Na we ukanificha?

Alilia, nami nikamwacha alie. Nilimpenda bado, na usiniulize kwa nini.

Kesho yake hakwenda kazini. Alipeleka ile barua ofisi ya zone, kwa wakubwa wa mtaa, akangoja wee, mpaka akapewa karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Saa saba mchana nikasikia sauti yake barabarani. Alikuwa ametoka kuchukua mashine ofisini kwetu, ameibeba begani, haikufunikwa hata na kitenge, anasimama kwa kila mlango.

— Ni ya bibi yangu. Anaandika za ofisi. Mwenye kutaka kuona akuje, karatasi ni hii.

Aliyaogopa macho ya majirani hao tangu tuhamie Ngagara. Aliingia akitokwa jasho, akaweka mashine mezani, akafungua dirisha la barabarani lote.

— Andika, akasema. Wasikie.

Akasimama dirishani, barabara nzima ikimwona. Hapo ndipo nilipomsamehe.