Anza Tu, Karatasi Itafuata

Siku ya kufungua zabuni za miti, ofisi ya misitu ya mji wa Tolliver ilijaa wanaume hadi mlangoni. Wote walivaa mashati ya mistari na suruali zilizokatwa pindo kwa kisu, zisije zikanasa vichakani, na wote walinuka dizeli na kahawa. Kila mmoja alikumbatia bahasha yake akiwatazama wenzake kwa jicho la pembeni. Curt Lindahl alifika wa mwisho, anatweta, ndevu hazijaona kitana, akaisukuma bahasha yake kauntani wakati karani mmoja tayari anatazama saa ya ukutani.

Mwanamke wa kauntani hakuigusa. Alivaa sweta la kijani na hereni ndogo za fedha, nywele zake nyeusi amezibana kisogoni kwa penseli.

"Umeweka sahihi ndani?" akauliza.

"Nadhani."

"Serikali haipokei nadhani, bwana. Bado ni yako. Nikishaipokea, hata ulie huichungulii tena."

Curt akaichana palepale. Sahihi haikuwepo. Wanaume nyuma yake wakacheka kicheko cha watu waliokosa bahati ya kumwona mshindani akijikwaa. Mwanamke akamsogezea kalamu na bahasha mpya, uso mkavu, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Zilipofunguliwa, zabuni ya Curt ndiyo iliyokuwa ya juu, na miti ya Fox Creek ikawa yake. Akatoka nje akijua pia kwamba yule mwanamke anaitwa Janelle Pruitt.

Ajabu ya serikali ni hii: ikikuuzia mti, haikuachii mpaka nawe uilipe mti mwingine wa karatasi. Ilitaka hati ya bima. Ilitaka dhamana ya utekelezaji kutoka benki, barua ya kumtaja mwakilishi wake msituni, orodha ya madereva, na kiapo kwamba magogo hayatauzwa ng'ambo mabichi. Juu ya yote ilitaka mpango wa kazi, kitalu kwa kitalu, uliotiwa sahihi kabla msumeno haujawashwa. Wakandarasi wengine walituma makarani wao. Curt alizipeleka mwenyewe, moja moja, na nyingine alizikosea makusudi ili arudishwe.

"Hii umekosea tarehe," Janelle alimwambia mara ya tatu. "Mtu mzima kama wewe hujui leo ni lini?"

"Najua ni siku ya kukuona, Mama Karatasi."

"Nenda zako, Bwana Magogo. Kuna watu wenye kazi nyuma yako."

Lakini jioni ile alimpigia simu mwenyewe, eti kumkumbusha tarehe, na hawakuizungumzia tarehe hata kidogo.

Mapenzi yakakolea wakati pabaya. Majira ya kuchipua Janelle alipandishwa cheo, akatolewa kauntani, akawa mkaguzi, na mkataba wa kwanza aliopewa kuusimamia ulikuwa Fox Creek. Sheria iko wazi: mtumishi mwenye uhusiano na mkandarasi atamke, apewe mkataba mwingine. Janelle akaomba wangoje hadi kazi iishe kabla ya theluji. Alikaa kauntani miaka mingi akiwatazama wanaume wenye akili ndogo kuliko yake wakipandishwa, na leo akitamka watamrudisha palepale. Curt akakubali. Wakawa wanakwenda kula mji wa Eugene, mwendo mrefu wa gari, ambako Janelle alivaa gauni lake la rangi ya zambarau na Curt shati pekee lisilo na mistari. Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Wao walivificha vyote viwili, maana kiangazi kile mji mzima ulikuwa unakohoa moshi wa misitu.

Kampuni ilikuwa ya baba yake Curt, mzee Orval, aliyeacha vidole viwili kwenye kazi hiyo. Mzee alikuwa na desturi moja ambayo wakata miti wote wa kule wanayo. Mkaguzi akikupa ruhusa ya mdomo msituni, unaiandika hapohapo juu ya boneti ya gari, naye anatia sahihi. "Mkaguzi akikuambia jua limechomoza," mzee alikuwa akisema, "mpe kalamu." Curt aliifuata desturi hiyo ya karatasi za boneti tangu ujana wake. Hata wakaguzi waliokuwa marafiki wa baba yake waliwekewa kalamu mkononi, na hakuna aliyenuna.

Mwishoni mwa Septemba mvua zikaanza kunukia. Curt alikuwa amepeleka mpango mpya wa kuingia kitalu cha tatu, kile cha bondeni, lakini ofisa wa mikataba, Bi Harriet Dunning, alikuwa safarini na sahihi yake ilikuwa haijapatikana. Barabara ya bondeni ikishalowa hufungwa hadi mwakani, na benki inayomdai haingojei mwakani. Jumapili asubuhi Curt akampigia Janelle.

"Utabiri unasema mvua Jumatano," akamwambia. "Watu wangu wamekaa bure. Nifanye nini?"

Janelle alikuwa bado kitandani, sauti nzito ya usingizi. "Mpango wako nimeusoma mimi, mpenzi. Hauna kasoro. Anza tu, karatasi itafuata. Harriet akirudi kesho anatia sahihi na mambo yamekwisha."

"Una hakika?"

"Huniamini?"

Curt akacheka. Angeweza kumwomba aandike ujumbe mfupi wa simu, mstari mmoja tu. Lilimjia wazo hilo, akaliona aibu. Humwekei kalamu mkononi mwanamke unayetaka kumwoa. "Nakuamini kuliko utabiri," akasema, na mchana ule misumeno ikalia bondeni.

Bi Dunning alirudi Jumatatu na jambo ambalo hata Janelle hakulijua. Wataalamu wa maji walikuwa wameusogeza mpaka wa kitalu cha tatu mbali na kijito, na miti ya kingoni ilikuwa imeondolewa kwenye mauzo. Alipopeleka mtu kuweka alama, yule mtu alikuta visiki vibichi mpaka majini, utomvu unatiririka.

Curt akaitwa Jumanne baada ya chakula cha mchana. Njiani aliwaza jambo moja tu. Janelle alikuwa mle ofisini, na kwa alivyomjua, asingekaa kimya kumwona akizama. Angekiri, na kukiri kungempotezea kazi na heshima yote aliyoitolea jasho. Curt akakanyaga mafuta ili amuwahi kabla hajakiri.

Bi Dunning alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akaeleza kosa na adhabu yake: mkataba kuvunjwa, dhamana kuchukuliwa, kampuni kutoruhusiwa kuomba zabuni kwa miaka mitatu. Halafu akamtazama.

"Lakini kama kuna mtumishi wangu aliyekuruhusu, Curt, hata kwa mdomo, habari inabadilika kabisa. Nani alikuambia uanze?"

"Hakuna. Niliona mvua inakuja, nikajiamulia."

Bi Dunning akashusha pumzi, akaandika. "Nasikitika. Nilitumaini kuna kitu. Basi inalingana na maelezo ya Janelle. Asubuhi alisema hamkuzungumza kabisa mwisho wa wiki, na kwamba alishakuonya usitangulie karatasi."

Curt akauliza asubuhi saa ngapi, swali la kipuuzi. Tangu ofisi ilipofunguliwa, akajibiwa. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia.

Saa ngumu kuliko zote ilikuwa jikoni kwa baba yake. Mzee Orval alisikiliza hadi mwisho, mkono wenye vidole vitatu umetulia mezani.

"Karatasi ya boneti iko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Aliyekuambia ni nani?"

"Hakuna aliyeniambia."

Mzee alimtazama mwanawe kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaenda kulala mapema. Baada ya siku ile hakumuuliza tena jambo lolote la kazi.

Janelle hakupiga simu mpaka uamuzi ulipotoka. Wakakutana mchana nje ya mkahawa mmoja wa pai, mvua nyembamba inanyesha. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau ndani ya koti, kwa mara ya kwanza hapa Tolliver, mbele ya macho ya watu. Alimkumbatia Curt kwa nguvu, akalia kifuani pake, akamshukuru, akaomba radhi, akamshukuru tena. Kisha akajifuta macho, akatabasamu.

"Sasa hakuna mkataba," akasema. "Hakuna sheria inayotuhusu. Tunaweza kuoana hata mwezi ujao, mpenzi, waseme watakavyo."

Curt alimpenda. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hata pale alikuwa anampenda, na nywele zake zilizolowa alitamani kuzishika.

"Nikuulize kitu, Janelle. Uliingia kwa Harriet asubuhi. Mimi niliingia mchana. Hukujua nitasema nini."

"Nilijua." Akamshika mkono. "Nakujua wewe. Nilijua hutanitaja. Ningesema vile kama sikuwa na hakika na wewe?"

Aliyasema hayo kwa fahari, kama anayempa zawadi.

"Na mimi nilikujua wewe," Curt akasema. "Nilijua uko mle ndani unakiri. Ndiyo maana niliendesha mbio."

Tabasamu likamtoka Janelle taratibu. Curt akauondoa mkono wake mkononi mwa Janelle, akaingia kwenye gari, akaenda kuosha mashine zake, maana mnunuzi alikuwa anazifuata Ijumaa.