Mstari wa Mvua

Kila asubuhi Consolée aliteka maji, akamwogesha mdogo wake, kisha akapita kumwita Laetitia waende shule. Wasichana hao wawili walisoma darasa la sita katika shule moja ya kijiji cha Wamaza, na walikaa benchi moja. Njiani Laetitia alisoma somo la siku kwa sauti huku akitembea, mpaka wakati mwingine akajikwaa kwenye mizizi. Consolée alisikiliza tu. Laetitia alidhani rafiki yake ni mtu wa kimya.

Kweli ilikuwa nyingine: Consolée hakujua kusoma. Baba yake, mchimba dhahabu kutoka Kivu, alihama kila machimbo yalipohama, na familia ikamfuata. Basi Consolée aliingia shule katikati ya mwaka na kutoka kabla haujaisha. Herufi alizijua moja moja, lakini zikikaa pamoja zilimshinda. Kufika darasa la sita namna hiyo si vigumu kama mtu anavyofikiri. Wanafunzi walikuwa zaidi ya themanini, mwalimu mmoja, na walisoma wote pamoja kwa sauti kubwa. Katika kelele zile, ilitosha kufungua na kufunga mdomo.

Mwaka huo pikipiki kutoka Kabambare ilileta shuleni tableti moja na paneli ya jua. Paneli ilipandishwa juu ya bati, na mkuu wa shule akakataza mtu yeyote kuanika muhogo karibu nayo. Tableti alipewa Mwalimu Octave wa darasa la sita, mtu wa maneno machache.

"Ninyi muko themanini na zaidi, miye niko na masikio mawili tu," aliwaambia wanafunzi. "Tangu leo, kila mutu atasoma ukurasa wa Kifaransa peke yake mbele ya mashine hii, kule chumba cha nyuma. Itachukua sauti yake. Nitamusikiliza nyumbani."

Mchana ule Consolée hakuweza kula. Baba yake alikwishasema: akianguka mtihani wa mwisho wa mwaka, shule basi, atakwenda naye Lusangi kuuza chakula machimboni. Consolée aliyajua machimbo kuliko alivyokijua kitabu, na hakutaka kurudi huko.

Lakini alikuwa na sikio jepesi. Zamu yake ilifuata ya Laetitia, na aliyengoja alisimama mlangoni pa chumba kile. Alichokisikia njiani asubuhi alikisikia tena pale mlangoni, kisha akaingia, akainua kitabu mbele ya uso, akasema maneno yale yale. Mwalimu Octave akamsifu mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata akamsifu tena. Kila sifa ilimwongezea hofu.

Siku moja somo lilikuwa juu ya watu waliovuka mto Lualaba kwa mtumbwi kwenda sokoni. Katikati ya mto mvua iliwanyeshea, wakafika wamelowa, wakachekana. Asubuhi hiyo Laetitia alikuwa na homa, hakusoma njiani. Ilipofika zamu yake kichwa kilimuuma, akaruka mstari mzima wa mvua bila kujua. Consolée, mlangoni, alishika alichosikia.

Jioni Mwalimu Octave alikaa barazani akisikiliza. Katika sauti ya Laetitia watu walifika sokoni wamelowa, na mvua haikunyesha popote. Mwalimu akatabasamu. Ikaja sauti ya Consolée. Watu wakalowa tena bila mvua. Safari hii mwalimu hakutabasamu. Alirudia kusikiliza sauti zote mbili.

Kesho yake, wenzao walipotoka, aliwabakisha wote wawili na kuwasikilizisha.

"Mumeruka mustari mumoja, pahali pamoja," alisema. "Nani alimupatia mwenzake? Laetitia, ni wewe? Kama ni wewe, nitafuta alama zako."

"Hapana, mualimu! Sijue kitu!" Laetitia alianza kulia.

Consolée alitazama chini. Angenyamaza, rafiki yake angeadhibiwa, na yeye angebaki hodari wa darasa.

"Mualimu, Laetitia hana kosa," alisema. "Ni miye. Namusikilizaka kwenye mulango. Sijue kusoma."

Laetitia aliacha kulia kwa mshangao. Mwalimu Octave alimgeukia Consolée.

"Toka lini?"

"Toka zamani, mualimu."

Hakumpiga wala hakumkemea. Alisoma ukurasa rahisi polepole mbele ya tableti ili ichukue sauti yake, akampa Consolée tableti pamoja na ukurasa ule. "Sikio lako ni muzuri. Sasa litafundisha macho. Sikiliza, na kidole kifwate kila neno." Ikawa kazi ya kila mapumziko. Wenzake walipocheza mpira, Consolée aliburuta kidole kwenye karatasi, Laetitia akimrudisha kila alipopotea. Mara nyingi alitaka kuacha. Haba na haba hujaza kibaba, na hatimaye alisoma peke yake, mbele ya tableti, ukurasa ambao hakuwahi kuusikia. Alikwama, alirudi nyuma, alikosea, akamaliza akitoka jasho.

Mtihani aliupita, si kwa alama za kujivunia. Siku ya matokeo alikuja na baba yake kumshukuru mwalimu. Mwalimu Octave akawasikilizisha sauti mbili: ile ya mtumbwi, na ile ya ukurasa mpya.

"Ya kwanza ndiyo muzuri," alisema baba. "Hii ya pili inakwama-kwama."

"Ya kwanza si yangu, baba," alisema Consolée. "Yangu ni hii ya makosa."

Baba aliomba kuisikia tena, akaisikiliza mpaka mwisho. "Basi nitakwenda Lusangi peke yangu," alisema. "Wewe utabaki na mama yako, usome."

Mwalimu Octave alizima tableti. "Mashine hii ilinisaidia kumusikia kila mutoto," alimwambia Consolée. "Lakini ulipoipa sauti ya mwingine, ilinifikishia uongo. Siku uliposema kweli, ndiyo siku nilianza kukufundisha. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Usiogope kumwambia mualimu wako kitu usichojua, mwanangu. Kazi yake ni hiyo."