Swali Asilouliza Fundi

Walikutana kwa sababu mama wa mtu alipotea.

Siku hiyo kituo kikuu cha mabasi kilikuwa kimefurika. Wapagazi walikuwa wakipiga kelele "Pisha! Pisha!" na mizigo inapita juu ya vichwa vya watu. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya bluu akaja mbio hadi kwenye kibanda cha matangazo, jasho linamtiririka, akagonga kioo.

"Dada, nisaidie! Nimempoteza mama yangu."

Ndani ya kibanda alikaa msichana mwembamba, blauzi yake nyeupe imepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Kazi yake ilikuwa kutangaza mabasi yanayoingia na yanayotoka. Kituo kizima kiliijua sauti yake, lakini uso wake waliujua wachache. Wapagazi walimwita Sauti, na jina likamganda.

"Umempoteza mama, au mama ndiye aliyekupoteza wewe?"

"Dada, si wakati wa utani."

"Haya, amevaa nini?"

Yule bwana akakuna kichwa. "Gauni."

"Gauni! Basi tumeshampata. La rangi gani?"

"Kijani. Au bluu. Ila ana kikapu."

Sauti akameza kicheko, akavuta kipaza sauti. "Mama mwenye kikapu, uliyekuja na kijana wa ovaroli ya bluu, mwanao amepotea. Tafadhali njoo umchukue kwenye kibanda cha matangazo."

Kituo kikaangua kicheko. Mama akaja polepole akijifuta mdomo; kumbe alikuwa kwenye mgahawa anakunywa chai. Akamtazama mwanawe, akamtazama na yule msichana nyuma ya kioo, akasema, "Huyu ndiye wa kukushika mkono barabarani. Mimi nimezeeka."

Kesho yake ovaroli ya bluu ilirudi tena kibandani.

"Leo umempoteza nani?" Sauti akauliza.

"Leo nimepotea mwenyewe."

Alikuwa fundi wa mafriji na vyumba vya baridi, mcheshi, mdomo haumkauki. Kabla mwaka haujaisha walikuwa mume na mke, wamepanga nyumba ndogo ghorofani, na Sauti alikuwa haachi kumwita Fundi, hata akiwa na hasira.

Mimba ya kwanza ilipoingia, Fundi alishindwa kuinyamazia. Aliwaambia wateja, akamwambia mwenye bucha, akamwambia na mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Kona ya chumba akaipaka rangi ya manjano. Jioni alipiga magoti na kuliita tumbo ambalo hata halijaonekana: "Haloo, huko ndani! Baba amerudi!"

Mimba ilipofika mwezi wa tano, ikatoka.

Waliporudi kutoka hospitali, Fundi aliipaka kona ile rangi nyeupe, kimya kimya, mgongo wake ameuelekeza kwa mkewe. Hawakulizungumza. Waliendelea kula, kulala, kwenda kazini. Kidonda kilifunga juu, chini bado kibichi.

Kwa hiyo Sauti aliposhika mimba ya pili, alimwambia mumewe kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuitoa. Fundi alikuwa ameshika sahani. Aliiweka mezani taratibu.

"Mungu asaidie," akasema. Basi.

Muda si muda akapata kazi mji mwingine, kufunga vyumba vya baridi kwenye ghala kubwa la nyama. Sauti akamuuliza, "Mpaka lini?" Akajibiwa, "Mpaka iishe." Begi likafungwa, mume akaenda.

Yakabaki mazungumzo ya simu.

"Haloo, malkia wangu."

"Malkia gani asiye na maji? Bomba limekauka tangu jana."

"Nitampigia mwenye nyumba. Umekula?"

"Nimekula vyangu, nikamalizia na vyako."

Fundi alicheka kule aliko. "Mlango umefunga? Gesi ipo? Umeme je?"

Kila kitu kilichokuwemo ndani ya nyumba alikiulizia. Tumbo la mkewe hakuligusa. Sauti alisubiri kila simu, akidhani labda leo, na kila simu ilikatika hajaulizwa.

Tumbo lenyewe halikusubiri mtu. Blauzi ziligoma kufunga, akahamia kwenye magauni mapana. Akikaa kibandani, tumbo lilianza kugusa ukingo wa meza. Pumzi nazo zikawa fupi: "Basi la saa nne... linaondoka... geti la pili." Abiria walidhani kipaza sauti kimeharibika. Kliniki aliona wanawake wengine wakishikiwa mikoba na waume zao. Yeye mkoba wake aliuweka kwenye kiti cha pembeni, pasionekane pengo. Dukani, muuza nguo za watoto alimuuliza, "Baba mtoto anapenda rangi gani?" Akajibu, "Yuko safarini," akachukua ya kwanza iliyokuwa karibu. Nyumbani akazifungia zile nguo ndani ya sanduku, akalisukuma uvunguni kama mali ya wizi. Akakaa kitandani, akasikiliza majirani wa juu wakiburuta viti na kucheka, mpaka nao wakanyamaza.

Mtoto alicheza mara ya kwanza mchana, kituo kimejaa.

"Abiria mnaosafiri na basi la..." Sauti akanyamaza. Kitu kilikuwa kimemgonga kwa ndani, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Kikamgonga tena. Akacheka kwenye kipaza sauti, na wapagazi wote wakainua vichwa.

Hakumaliza tangazo. Akapiga simu.

"Fundi! Amecheza!"

"Nani?"

"Nani tena? Mwanao!"

Upande wa pili zilisikika mashine zikinguruma. Zilinguruma muda mrefu.

"Sawa," Fundi akasema. "Kuna gesi inavuja hapa. Nitakupigia."

Alipiga jioni. "Malkia, maji yalitoka?"

"Ukitaka habari za bomba," Sauti akamjibu, "mpigie fundi bomba." Akakata.

Tangu siku hiyo hakupokea tena. Simu iliita juu ya kitanda, ikaruka-ruka kwenye shuka, ikatulia. Moyoni alikwisha hukumu: ama huko aliko ana mwingine, ama huyu mtoto hamtaki. Hakujua lipi lina nafuu.

Siku chache baadaye mama mkwe akaingia na kikapu chake, hata hajaketi akauliza, "Mcheza mpira wangu hajambo?"

"Mcheza mpira gani, mama?"

"Si huyo tumboni! Mumeo ananipigia kila jioni. 'Mama, amecheza? Mama, miguu ya mke wangu imevimba? Anashukaje ngazi?' Sasa mimi nakaa na wewe? Nabuni tu, mwanangu. Jana nimemwambia mtoto anapiga mpira, akaniuliza mguu gani!"

Sauti alishika ukingo wa meza. "Mbona mimi haniulizi?"

Mama akaacha kucheka. Akavuta kiti, akakaa.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, 'Mama, yule wa kwanza nilimwita sana, akaogopa, akarudi alikotoka.' Mwanangu anadhani ni mdomo wake uliomfukuza."

Sauti alilia. Mama alimwacha alie, akamshika tu mgongo. Alipomaliza, hasira ikawa imebaki pale pale, ila imebadilika sura. Akachukua simu.

"Malkia! Umepiga! Nilidhani... maji..."

"Ukitaja maji nakata. Mama yuko hapa. Ameniambia."

"Mama naye!"

"Daktari alisema nini siku ile? Tulikuwa wote. Alisema halikuwa kosa la mtu."

"Najua."

"Unajua kichwani."

Fundi alivuta pumzi. "Nikikuuliza, mke wangu, iko siku utanijibu kama ulivyonijibu siku ile, kwamba hayupo tena. Siwezi kulisikia tena jibu lile."

"Na mimi? Mimi lilinipitia mwilini, Fundi! Nikainuka, nikaenda kazini, nikatangaza mabasi ya watu. Sasa nimerudi kwenye njia ile ile na umeniachia nipite peke yangu. Nimenunua nguo peke yangu. Nimeogopa peke yangu. Likija baya, litukute wawili. Likija jema, je, nalo nilipokee peke yangu?"

Sauti akaangalia kama simu imekatika. Kisha ikaja sauti ndogo, isiyo na mzaha wowote.

"Anacheza?"

"Njoo umuulize mwenyewe."

Alikuja Jumamosi mchana, shati limekunjamana kwa safari, mikono inanuka grisi. Akasimama mlangoni kama mgeni. Sauti akalivuta sanduku, akapanga nguo kitandani moja moja. Fundi akachukua soksi, ikamwenea kidole gumba tu. Machozi yakamtoka.

Akaweka mkono tumboni. Mtoto akatulia tuli.

"Amenikataa."

"Hakujui. Jitambulishe."

Fundi akapiga magoti, akakohoa. "Mimi... mimi ni baba yako. Samahani, nilichelewa." Akaendelea kumsimulia mtoto habari za ghala na baridi yake, mpaka uchovu wa njia ukamshinda. Akalala pale pale, kichwa kwenye paja la mkewe, shavu kwenye tumbo, viatu mguuni.

Sauti akamtazama. Kesho jioni Fundi angerudi kazini. Mkataba ulikuwa bado, na nyumba ingekuwa pana tena. Hilo walishalisema wazi, hawakudanganyana.

Ndipo mtoto akapiga, kwa nguvu kuliko siku zote, sawasawa na shavu la baba yake. Fundi hata hakushtuka. Sauti akatabasamu peke yake, kama alivyozoea, akataka kumwacha alale. Kisha akamtikisa bega.

"Fundi. Amka, unaitwa."