Gari Lisilo na Yaya

Taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi wakati wa chakula cha mchana, na fundi Oder akacheka, kwa sababu gari lile halikuwa na taa hiyo.

Lilikuwa na tundu lake tu, na kioo kidogo ambacho nyuma yake hapakuwa na waya wala balbu. Ermes Bortolani, mwenye gereji, alikuwa ameliunda kwa fahari moja: halina kompyuta yoyote ya kumsaidia dereva. Kule vilimani juu ya mji wa Modena, vifaa vinavyobana breki vyenyewe na kuzuia gari lisiteleze wanaviita yaya, na taa ya manjano ndiyo huonyesha kuwa yaya yupo kazini. Ukitaka kumuudhi mwanamume wa pale, mwambie anaendesha na yaya. Mimi nimeishi nao miaka mingi na kwa hili sijawaelewa hata leo. Mtu ana mke na watoto nyumbani, halafu anatafuta gari litakalomtupa bondeni akikosea kidogo tu, na analipenda kwa sababu hiyohiyo. Haya bwana!

"Bosi," Oder alisema, mdomo umejaa tambi za tortelini, "yaya karudi kazini."

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Ermes hakucheka. Aliweka kijiko mezani, akaenda kukiziba kile kioo kwa kiganja, na mwanga ukampenya katikati ya vidole. Akavuta pumzi, kisha akarudi nyuma akijigonga kwenye rafu ya spana. Ndani ya gari mlinuka tumbaku mbichi iliyotafunwa.

Hakuna aliyecheka tena, maana harufu ile kila mtu aliijua. Vanes Cavani, dereva wa majaribio wa gereji ile, alikuwa na tabia ya kutafuna sigara nene bila kuiwasha. Alikufa Novemba iliyopita ndani ya gari jingine la Ermes, lililokuwa na yaya, asubuhi ya ukungu, kwenye kona inayopita kanisa dogo la mlimani. Ermes aliwaambia polisi, akawaambia na walevi wa baa, kwamba Vanes alimzima yaya kwa mkono wake mwenyewe ili ajionyeshe. Kijiji kikaamini. Kiburi kimemuua, wakasema, kajitakia. Mama yake, Iride, akiingia kununua mkate watu walikuwa wananyamaza mpaka atoke.

Kuna jambo moja watu hawakuliuliza. Gereji za kule zina desturi: gari likitoka mara ya kwanza, aliyeliunda hukaa kando ya dereva. Nati umezikaza wewe, basi uende nazo. Siku ile ya Vanes kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Ermes alisema mgongo unamuuma.

Tangu taa ile iwake, gereji haikukalika. Mafundi wakiwa wameinama kazini, mkanda wa kiti cha abiria ulijivuta taratibu ukajifunga, klik, halafu ukajifungua, klik, kama mtu anayesubiri mwenzake na ameanza kuchoka. Oder aliacha utani. Alianza kula nje, kwenye baridi, sahani juu ya magoti.

"Lichome moto, bosi," alinong'ona siku moja. "Nakuomba. Sisi wote tunajua ni nani yule."

"Nyamaza! Milva asikusikie."

Milva alikuwa binti yake wa pekee, na tangu Vanes afe ndiye aliyeendesha magari ya majaribio. Jumapili ile kulikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima, naye alikuwa ameliandikisha gari hilohilo. Msichana huyo alikuwa hodari kweli, na mbishi kuliko baba yake.

"Leo nalitoa," alisema Alhamisi asubuhi, akivaa glavu. "Haya baba, panda. Desturi."

"Mgongo, mwanangu. Mgongo unanisumbua."

"Tena?" Milva aliufunga mlango wa abiria kwa kishindo. Kisha akaingia peke yake.

Mwanzoni gari lilimtii. Usukani ulimweleza kila kokoto ya barabara, sehemu ya nyuma ilikuwa ikichezacheza kwenye kona naye akiirudisha kwa mikono yake, akawa anacheka peke yake kwa raha, maana raha ile, wanaoijua wanasema, haina mfano. Kisha ukungu ukashuka. Taa ya manjano ikawaka, na Milva akaondoa mguu kwenye mafuta lakini gari halikupunguza mwendo, likaongeza, akakanyaga breki na breki ikawa ngumu kama jiwe, na kando yake, pale ambapo hapakuwa na mtu, mkanda ukajifunga klik na mtu akaanza kutafuna, taratibu, kwa mate, karibu kabisa na sikio lake, huku usukani ukizunguka wenyewe ndani ya viganja vyake na ukuta wa kanisa dogo ukitokea kwenye ukungu, ukikua, ukikua, mpaka akaona nyufa za chokaa na kijishada cha maua makavu ambacho Iride alikuwa amekitundika pale, na ndipo gari lilipojibana breki zote kwa mara moja likasimama, magurudumu ya mbele yakiwa nusu hewani juu ya bonde.

"Mwite baba yako," sauti ikasema. Ikaendelea kutafuna.

Milva alirudi kwa miguu. Gari lilifika gerejini kabla yake.

Ermes alipoambiwa na mwanawe yaliyompata, hakusubiri. Alikwenda kwa Iride. Alimwendea kwa sababu Iride ndiye mganga wa kijiji kile: hutibu mkanda wa jeshi, jicho baya na watoto wanaoshtuka usingizini, kwa kuchora msalaba na kidole gumba huku akinong'ona maneno aliyofundishwa na nyanya yake usiku wa Krismasi. Hebu fikiria uso wa kwenda nao pale! Lakini mtu akiogopa kwa ajili ya mtoto, aibu haioni.

"Mama Iride, nina shetani gerejini. Anamtaka binti yangu."

Mama yule alijifuta mikono kwenye aproni. "Anatafuna?" aliuliza.

Ermes aliinamisha kichwa.

Walipofika, injini ilikuwa inanguruma na milango ya gari imejifunga. Milva alikuwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye usukani ili alitoe nje alichome mwenyewe, nalo likamfungia. Alikuwa akipiga kioo kwa ngumi, na Oder kutoka nje akipiga kwa nyundo, na kioo hakikupata hata mkwaruzo. Matairi yalikuwa yakizunguka palepale, moshi wa mpira umejaa hadi darini.

"Mtoe! Mama, mtoe, unaweza!" Ermes alilia.

Iride aliweka kidole gumba juu ya boneti, akafumba macho. Alipofumbua, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Ni mwanangu," alisema. "Ana swali. Anasema unalijua."

"Mimi sijui..."

Gari likaruka mbele, likagota ukutani. Milva akapiga kelele, damu ikamtoka puani.

"Nilimkata!" Ermes alipiga magoti. "Nilikata nyaya za yaya alfajiri ile! Kulikuwa na mteja anakuja kutazama, nilitaka gari liende kasi. Taa nikaiacha inawaka kama kawaida. Vanes aliniuliza, bosi, yaya yupo? Nikamwambia yupo. Nikamwambia nenda, mwamini. Hakuzima kitu, mama! Hakuzima kitu!"

Mafundi wote walisikia. Oder aliitupa nyundo chini kwa hasira, akamtemea Ermes mate miguuni.

Mlango wa dereva ukafunguka, na Milva akaanguka nje, mikononi mwa Oder. Kisha ukafunguka mlango wa abiria.

"Mama," Ermes alinong'ona, "sasa mwondoe. Nimesema. Nimesema yote."

"Mwaka mzima nimenunua mkate kwa watu wanaomcheka mwanangu," Iride alisema. "Panda. Desturi ni desturi."

Ermes alimtazama binti yake, akaiona ile damu usoni. Akapanda. Mkanda ukamfunga, na gari likatoka bila mtu kwenye usukani.

Lilirudi jioni. Ermes hakuwa na hata mchubuko, ila suruali yake ilikuwa imelowa na sauti imekauka. Alisema lilimpeleka konani, likamning'iniza juu ya bonde, taa ikawaka, breki zikamvuta. Halafu likageuka, likampeleka tena. Na tena. Kila mara alikuwa na hakika kwamba sasa anakufa, na kila mara yaya akamshika.

Siku hizi gari hilo hujiwasha kila baada ya chakula cha mchana. Waliwahi kuling'oa injini, likajiwasha vilevile. Mara moja Ermes alikataa kwenda, na saa hiyohiyo Milva, akiwa barabara kuu ndani ya kigari chake cha kununulia mboga, akaona taa ya manjano inawaka mbele yake na kusikia mtu anatafuna. Tangu hapo Ermes hakatai. Anafuta mdomo, anainuka, anakwenda kukaa.

Milva alimfuata Iride nyumbani, akamkuta anasukuma donge la unga wa tambi.

"Bibi, nakuomba. Baba amebaki mifupa. Hapati usingizi. Wewe unaweza kumwondoa."

"Naweza," Iride alisema.

"Basi!"

"Nilimwomba Vanes asimuue, akanisikiliza. Alikuwa mtoto msikivu tangu zamani." Aliligeuza donge, akalinyunyizia unga juu. "Hilo lingine, la kumwachilia, sikumwomba, na simwombi."